Mizani ya Kidijitali Inapogoma Kuwaka

Ndani ya mizani ya kidijitali, kama zile zinazopima mahindi sokoni Kibaigwa, huweza kuwamo rezoneta: kipande kidogo cha kauri kinachotoa mapigo ya kuiendesha. Mizani ikianguka, kauri yaweza kupata ufa, nayo ikagoma kuwaka. Mtake fundi aweke rezoneta mpya yenye masafa na idadi ya miguu ileile, wala si iliyong'olewa katika redio mbovu. Kosa la asilimia 0.5 kwa kawaida haliidhuru kazi hii. Katika saa lingefikia dakika 7 kwa siku, ndiyo maana saa hutumia kwatsi. Mizani iliyotengenezwa isipime gunia la mkulima kabla Wakala wa Vipimo haujaihakiki upya.