Bakteria wa kipindupindu hujuaje kwamba ameingia tumboni?

Bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae, anaweza kuishi miaka na miaka bila kumgusa mtu. Makazi yake ni maji yenye chumvi kiasi, kwenye midomo ya mito na kando ya bahari, ambako hujibandika kwenye magamba ya viumbe wadogo wa majini. Huko kwa kawaida hatengenezi sumu ya kuharisha.

Anapomezwa, kwanza hukutana na tindikali ya tumbo, na wengi hufia hapo. Wanaopona huingia utumbo mwembamba. Kwenye utando wa bakteria zimo protini mbili, ToxR na TcpP, zinazopokea habari kutoka nje na kuzifikisha kwenye jeni zilizo ndani. Chumvi za nyongo ni mojawapo ya dalili zinazoziamsha. Hapo huwashwa protini ya tatu, ToxT, ambayo ndiyo inayoamuru shambulio.

Ajabu ni kwamba ToxT haina pupa. Asidi za mafuta zilizomo kwenye nyongo huizuia, ilhali bikaboneti inayotolewa na ukuta wa utumbo huichochea. Kwa hiyo katikati ya utumbo bakteria huogelea tu. Akishapenya ute na kuufikia ukuta, kizuizi hulegea. Huota vinyweleo vya kushikamana na wenzake, kisha humwaga sumu. Sumu hiyo huilazimisha seli kutoa chumvi mfululizo, na maji huifuata chumvi. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa, kinyesi kikifanana na maji yaliyooshewa mchele.

Bakteria hawa pia hujua idadi yao. Kila mmoja hutoa kemikali ndogo, na wakishakuwa wengi kemikali hiyo hujaa. Hapo huzima sumu, hutoa kimeng'enya cha kuwasaidia kujinasua, na kutoka na kinyesi kumtafuta mtu mwingine.

Na hutoka wakiwa wakali. Mwaka 2002 watafiti waliochunguza kinyesi cha wagonjwa wa Bangladesh waliripoti katika jarida la Nature kwamba bakteria waliotoka punde waliwaambukiza panya kwa urahisi zaidi kuliko waliooteshwa maabara, hata baada ya kukaa majini kwa saa kadhaa. Naona hapa ndipo penye somo kubwa kwa familia zetu, hasa zinazochangia choo kimoja: saa za mwanzo ndizo za hatari zaidi.

Basi mtu akianza kuharisha maji matupu nyumbani, msingoje kesho. Mnywesheni ORS (maji ya chumvi na sukari) tangu mwanzo huku mkimwahisha kituo cha afya. Mwagieni klorini ndoo na sakafu iliyochafuka, chemsheni maji ya kunywa, na kila anayemhudumia anawe kwa sabuni na maji tiririka kabla hajagusa chakula.