Mtoto Ataka Kucheza Mpira wa Kikapu: Umpeleke Klabu Gani?

Tangu Agosti 2019, ulipofunguliwa ule uwanja mkubwa wa ndani pale Remera, ambao kwanza uliitwa Kigali Arena na tangu 2022 waitwa BK Arena, watoto wa mji wetu wameshikwa na homa ya mpira wa kikapu. Wala si ajabu. Uwanja huo wachukua watu 10,000. Mei 2021 mashindano ya kwanza ya Basketball Africa League yalichezwa humo. Zamalek ya Misri ikachukua kikombe, na Patriots yetu ikafika nusu fainali. Hata yule mwimbaji wa Marekani, J. Cole, alivaa jezi ya Patriots akacheza michezo mitatu. Tena mwaka 2023 wanawake wa Rwanda walikuwa wa nne katika Afrika nzima, mbele ya watu wa nyumbani. Mtoto aliyeyaona hayo hurudi nyumbani na neno moja tu: "Baba, nataka kuingia klabu."

Wengi wenu, wanafunzi wa zamani wa shule hii, sasa mnaambiwa neno hilo na watoto wenu. Nanyi mlio bado madarasani mnaambiwa na wadogo zenu, maana mtoto humfuata kaka yake uwanjani kabla ya kumfuata baba yake. Basi yafaa tuliangalie jambo hili vizuri, kwa kuwa klabu isiyofaa haimharibii mtoto Jumamosi yake peke yake. Yaweza kumharibia magoti, masomo, na hata kumfanya auchukie mchezo kabla hajafika miaka kumi na mitano.

Watu wengi huanza kwa kuuliza jina. APR, REG, Patriots, Espoir: je, hizi zachukua watoto? Si swali baya, lakini si la kwanza. Jina la klabu hufanywa na wakubwa wake, na wale wakubwa wana mwalimu wao, saa zao na uwanja wao. Mtoto wa miaka tisa hatafundishwa na mwalimu yule. Atafundishwa na mtu mwingine, labda kijana asiyejulikana na mtu, kwenye uwanja wa saruji nyuma ya shule fulani. Huyo ndiye unayempa mtoto wako, si lile jina. Kwa hiyo nenda ukamwone akifanya kazi kabla ya kulipa hata faranga moja.

Ukifika, kaa kando kimya, hesabu mipira. Nasema kweli, hesabu. Tuseme wako watoto 30, mipira 3, na saa moja ya mazoezi. Watoto wamepangwa katika mistari mitatu, kila mmoja angoja zamu yake. Dakika 60 mara mipira 3 ni dakika 180 za mpira. Ugawe kwa watoto 30, kila mtoto apata dakika 6. Dakika 54 nyingine amesimama akimsukuma mwenzake au akitazama tai angani. Sasa chukua klabu nyingine, maskini kuliko ile, lakini kila mtoto ameambiwa aje na mpira wake akiweza, ikapatikana mipira 15 kwa watoto wale wale 30. Hapo kila mmoja ana mpira kwa nusu saa. Kwa mwezi wa mazoezi manane, wa kwanza amegusa mpira dakika 48, wa pili saa nne kamili. Hakuna mwalimu duniani awezaye kuifuta tofauti hiyo kwa maneno matamu. Ndiyo maana mimi naiheshimu klabu yenye mipira mingi iliyochakaa kuliko klabu yenye jezi mpya na mipira mitatu.

Ukiisha hesabu mipira, tazama ukubwa wake. Mpira wa kikapu si mmoja. Wanaume hucheza kwa mpira wa namba 7. Wanawake hucheza kwa namba 6, na huo huwafaa pia wavulana wa miaka 12 hadi 14. Walio chini ya miaka 12 wana mpira wao, namba 5, ambao uzito wake hauzidi nusu kilo. Kikapu nacho ni hivyo hivyo: cha wakubwa kiko mita 3.05 juu ya ardhi, lakini katika mchezo wa watoto wadogo huteremshwa mpaka mita 2.60.

Huenda mtu akasema, "Mwache mtoto azoee kikapu cha kweli mapema." Lakini urefu ule haukupimwa kwa ajili ya mtoto. Desemba 1891 James Naismith, mwalimu wa michezo pale Springfield, Marekani, alipigilia vikapu viwili vya matunda kwenye ukingo wa roshani ya jumba la mazoezi, na ukingo ule ulikuwa futi 10 kutoka chini. Wanafunzi wake walikuwa watu wazima. Mtoto wa miaka minane akipewa mpira wa watu wazima na kikapu cha watu wazima, mikono haina nguvu ya kuufikisha. Basi hufanya nini? Huuteremsha mpira mpaka kiunoni, hukunja mgongo, huurusha kwa mwili mzima kama mtu atupaye gunia. Siku mbili tatu unaingia, watu wanapiga makofi. Lakini mwili umejifunza vibaya, na akifika miaka kumi na minne, akiwa na nguvu za kutosha, itampasa asahau kwanza ndipo ajifunze. Kusahau ni kazi kubwa kuliko kujifunza. Viwanja vyetu vingi havina vikapu vya kuteremshwa, hilo najua. Lakini mwalimu mwenye akili huwapa wadogo mpira namba 5 na kuwafundisha kudunda, kupasiana na kusimama vizuri, asiwasukume kutupa kutoka mbali.

Sasa mchezo wenyewe. Chagua siku klabu inaposhindana na nyingine, uende ukatazame wale walioketi benchi. Wachezao uwanjani ni watano tu. Ikiwa timu ya watoto wa miaka kumi ina wachezaji kumi na wawili, na saba hawakuinuka mpaka mwisho, mwalimu yule afanya kazi kwa ajili ya kikombe, si kwa ajili ya watoto. Vikombe vya watoto havina maana sana. Aghalabu timu ishindayo katika umri huo ni ile yenye mvulana mmoja aliyebalehe mapema. Huwekwa chini ya kikapu, wenzake humrushia mpira juu, naye hufunga. Hafundishwi kudunda, hafundishwi kutazama wenzake, kwa kuwa hana haja. Miaka mitatu baadaye wale wafupi wamemfikia kimo, na wao wajua kudunda. Yeye hajui chochote ila kusimama. Kama mtoto wako ndiye mrefu wa timu, uliza hivi: je, humruhusu kuleta mpira mbele kama wengine? Jibu litakuonyesha mengi.

Kuna na jambo la kupumzika. Mwaka 2016 wakuu wa NBA na wa chama cha mpira wa kikapu cha Marekani walitoa maongozi kwa ajili ya vijana. Walisema kwamba mtoto wa miaka saba au minane asicheze zaidi ya mchezo mmoja wa mashindano kwa juma, na kwamba haifai kumfunga mtoto kwenye mpira wa kikapu peke yake kabla ya miaka 14. Acheze na michezo mingine, akimbie, aogelee, apige mpira wa miguu. Hao ndio watu wenye fedha nyingi katika mchezo huu kuliko wote, na bado walisema hivyo, kwa sababu waliona magoti na vifundo vya vijana vikichakaa mapema. Klabu imwambiayo mtoto wa darasa la nne kwamba asicheze mchezo mwingine wowote haina sababu nzuri ya kusema hivyo. Hapa kwetu yako na ya saruji: uwanja mgumu, viatu vyembamba, kuruka mara mia. Mtoto akilalamika goti juma zima, mwalimu mwema humwambia aketi.

Saa nazo si jambo dogo katika mji huu. Tangu Januari 2023 masomo yalipangwa kuanza saa mbili na nusu asubuhi na kwisha saa kumi na moja jioni, na jua la Kigali huzama karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima. Kwa hiyo mazoezi ya siku za shule kwenye uwanja usio na taa hayawezi kuzidi saa moja, tena lazima uwanja uwe karibu. Mtoto wa Kanombe aliyeandikishwa klabu ya Nyamirambo atakuwa ndani ya basi wakati wenzake wamekwisha anza, na atarudi usiku, achoke, alale juu ya daftari. Milima yetu twaijua. Mimi ningechagua klabu ya wastani iliyo mwendo wa miguu kuliko klabu bora iliyo ng'ambo ya mji, walau mpaka mtoto afike miaka kumi na mitatu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi ni ya umuganda, wala hapana mazoezi. Na katika miezi ya mvua, hasa Machi mpaka Mei, uliza wafanyaje uwanja ukilowa. Wengine huwaweka watoto chini ya paa wakawafundisha sheria. Wengine huwaacha wateleze.

Nije sasa kwenye jambo ambalo wazee wengi huona haya kuliuliza. Juni 2021 shirika la Human Rights Watch lilitoa habari za wasichana wa Mali, wachezaji wa mpira wa kikapu, waliodhulumiwa miili yao na waliokuwa wakiwafundisha. Habari zile zilifika mpaka kwa wakuu wa mchezo huu duniani. Haikuwa Kigali, lakini mlango uliotumika uko kila mahali: mtu mmoja mwenye amri ya kusema nani acheze na nani asicheze, na mtoto anayetamani mno kucheza. Basi uliza waziwazi. Je, kuna mwanamke miongoni mwa walimu? Wasichana hubadili nguo wapi? Wakisafiri kwenda Huye au Rubavu, nani hulala karibu nao? Je, mzazi aweza kuja kutazama siku yoyote bila kupiga simu kwanza? Mwalimu akikasirika kwa maswali haya, mchukue mtoto urudi nyumbani siku hiyo hiyo. Mwalimu mwema hayaonei haya, huenda akakushukuru, kwa kuwa yamlinda hata yeye mwenyewe.

Wavulana nao wana hatari yao, na mara nyingi huja kwa jina la ndoto. Mtu hutokea kando ya uwanja, amevaa vizuri, asema aweza kumpeleka mtoto ng'ambo akasome na kucheza. Wako kweli vijana wa Afrika waliopata njia hiyo. Lakini klabu ya watoto haina haja ya kuweka pasipoti ya mtoto wako, wala mtu yeyote hana haki ya kukuambia upunguze miaka yake ili aingie timu ya walio chini ya miaka 16. Mtoto aliyedanganya umri anakaa na uwongo huo kila afikapo mpakani.

Juu ya fedha nitasema kidogo. Usiulize ada ya mwezi peke yake. Uliza na jezi, viatu, nauli na michango ya safari, kisha ujumlishe ya mwaka mzima. Wengi hushindwa katikati ya mwaka si kwa ada, bali kwa hayo mengine.

Mahali pa kuanzia papo. Pale Nyamirambo kuna Club Rafiki, kituo cha vijana chenye uwanja wake na maktaba yake, na sisi tusemao Kiswahili huko twapenda kwamba hata jina lake ni letu. Liko jumba la michezo la Lycée de Kigali, ambamo wengi wa wachezaji wetu wamepita. Na tusisahau shule zenyewe. Mtoto ambaye shule yake ina uwanja na mwalimu mwenye moyo, huenda hana haja ya klabu kwa miaka kadhaa. Michezo ya shule za sekondari za Afrika ya Mashariki, FEASSSA, ilifanyika Huye mwaka 2023, na vijana waliocheza pale walivaa rangi za shule zao. Kwa wasichana wa nje ya mji, hasa mkoa wa Mashariki, wako watu wa Shooting Touch ambao hufundisha mpira wa kikapu pamoja na mambo ya afya.

Ukiisha pata klabu mbili zinazofaa, usilipe mwaka mzima. Omba mwezi mmoja wa kujaribu. Likizo kubwa, kuanzia Julai mpaka shule zifunguliwe Septemba, ndiyo nafasi nzuri kuliko zote: saruji ni kavu, hakuna kazi za nyumbani za shule, na mtoto aweza kwenda asubuhi jua likiwa bado si kali. Katika mwezi huo usimwulize, "Mmeshinda?" Mwulize, "Leo umefundishwa nini?" Akiwa na jambo la kukuonyesha, akachukua mpira na kukuonyesha hapo hapo uani, mwandikishe. Akikosa la kusema mara tatu mfululizo, nenda ukaitazame ile klabu ya pili.