Sadfa na Kinaya: Mpira Mmoja Ndani ya Nyangumi

Mtahiniwa akiulizwa kuhusu sadfa, aghalabu huifafanua kwa usahihi, akataja wahusika wawili waliokutana njiani bila kutarajia, kisha akaweka kalamu chini. Alama zinampotea ilhali hoja anayo. Hajaonyesha sadfa hiyo iliandaliwaje, wala ilimfanya nini mhusika.

Hebu tutoke kidogo kwenye vitabu teule, tutazame kipindi cha vichekesho cha Kimarekani, Seinfeld. Sehemu ninayoikusudia ilionyeshwa mara ya kwanza Februari 1994. Jina lake, The Marine Biologist, lina maana ya mtaalamu wa viumbe vya baharini. Mandhari ni jiji la New York. Jerry anakutana na Diane, mwanamke aliyesoma nao chuoni. Kwa kutaka kumpamba rafikiye George, ambaye hana hata kazi, anadai kwamba George ni mtaalamu wa bahari. George anampenda Diane, hivyo anaukumbatia uongo huo.

Wakati huohuo jirani yao Kramer anakwenda ufuoni kupiga mipira ya gofu baharini. Anarudi akilalamika: mpira mmoja tu ndio alioupiga vizuri ukaenda mbali. Mtazamaji anacheka na kusahau. Mwalimu, hapa simamisha darasa! Mtunzi amepanda mbegu mchana kweupe, nasi tumeikanyaga tukapita.

George na Diane wanatembea ufuoni, wanakuta watu wamezunguka nyangumi aliyekwama. Mtu anapaza sauti kuuliza iwapo kuna mtaalamu wa bahari. Diane anamtazama George. Hiki ni kinaya: sisi tunaujua ukweli, Diane na umati hawaujui. (Usikichanganye na kejeli, hakuna anayemdhihaki George hapa.) Anavua kofia na kuyaingia mawimbi.

Uokoaji wenyewe hatuuoni. Tunausikia baadaye mkahawani, George akiwasimulia wenzake. Mbinu hii ni kongwe: katika tanzia ya Sophocles, kujipofusha kwa Oedipus huletwa jukwaani na mjumbe kwa maneno tu. Tofauti ni kwamba George anasimulia kwa lugha ya kitendi, kisha anaifananisha bahari iliyochafuka na mzee anayerudisha supu mkahawani. Tashbihi hiyo inamshusha shujaa kutoka kileleni kabla hajatulia. Kisha anatoa mfukoni kitu alichokichomoa kwenye tundu la pumzi la nyangumi: mpira wa gofu. Kramer anautambua.

Kwa nini hatulalamiki kwamba mtunzi ametulazimishia tukio? Kwa sababu mpira tulikwisha kuuona ukienda. Sadfa iliyoandaliwa huleta mshangao na ridhaa kwa pamoja; isiyoandaliwa huwa njia ya mkato ya mtunzi aliyekwama.

Tazama pia mkasa wa Elaine, ingawa kwangu umelegea kidogo. Jerry huyohuyo anamdanganya kwamba riwaya ya Tolstoy, Vita na Amani, awali ilipewa jina ambalo kumbe ni maneno ya wimbo wa Kimarekani wa 1970. Elaine anayarudia kwa dhati mbele ya mwandishi wa Kirusi na kuaibika. Kinywa kimoja, uongo wa aina mbili: mmoja unazaa fedheha, mwingine unazaa ushujaa. Mtahiniwa anayeuona ulinganifu huu ameshapita hatua ya kutaja mbinu na ameanza kuhakiki.

Baada ya sifa zote, George anamwambia Diane ukweli, naye anamwacha. Lipe darasa lako swali hili: "George si shujaa bali ni mwongo mwenye bahati. Jadili." Wengi watakubali upesi. Waulize basi ni nani aliyemsukuma majini. Angeweza kukiri palepale mchangani, na nyangumi angebaki na mpira wake.