Kuzamia Baharini kwa Fedha Chache: Yanayomngoja Msafiri wa Kolwezi

Watu wa Kolwezi wanayajua maji ya kina. Machimbo ya Mashamba yalipoachwa katika miaka ya 1980, maji yalijaa mashimoni. Na maji ya namna hiyo humvuta kijana anayejiamini kwa kuogelea. Asijaribu kamwe! Kuta za machimbo huporomoka, chini ni giza, wala hakuna wa kumwokoa. Mwenye shauku ya kuzamia na mtungi wa hewa mgongoni, heri aweke akiba aende Unguja.

Njia ya fedha chache ni ile ile ipitishayo shaba yetu: Lubumbashi, mpaka wa Kasumbalesa, nchi ya Zambia, Tunduma, Mbeya, Iringa, hata Dar es Salaam, kisha meli ya kuvukia. Ni siku kadhaa ndani ya basi. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kisisahauliwe. Bahati mbaya likizo ndefu ya shule zetu, Julai na Agosti, huangukia wakati visiwa vimejaa wageni wa Ulaya, na bei zimepanda. Lakini mtu akienda Aprili kwa kufuata bei nafuu, atakutana na mvua ya masika.

Kazi kubwa ifanyike nyumbani kabla ya safari. Mafunzo ya kwanza huchukua siku tatu au nne, na hugharimu mamia ya dola. Mwanafunzi hutakiwa kuogelea mita 200 na kuelea dakika kumi. Basi asiyejua kuogelea ajifunze kwanza. Tena atapewa karatasi ya maswali ya afya: pumu, moyo, kifafa, masikio. Akijibu ndiyo hata mara moja, mwalimu aweza kumkataa mpaka alete barua ya daktari. Ni hasara iliyoje kusafiri kutoka Katanga hata pwani ili kurudishwa kwa sababu ya karatasi! Vitabu vya mafunzo viko kwa Kifaransa pia, navyo vyaweza kusomwa nyumbani. Na kabla ya kulipa, aulize bei ile ina nini ndani yake: vifaa, mashua, cheti, na ada ya hifadhi kama mashua inakwenda Mnemba.

Ndani ya maji, jambo la kwanza ni masikio. Yauma kadiri mtu ashukavyo, naye hubana pua na kupuliza polepole mpaka yafunguke. Mwenye mafua asizamie siku hiyo. Jambo la pili ni pumzi: isizuiwe hata kidogo, maana hewa hutanuka mapafuni wakati wa kupanda, na yaweza kuyapasua. Kisha hofu hupungua, na macho huanza kuona: matumbawe, samaki wa rangi zote, pengine kasa apitaye bila haraka. Mwenye cheti cha kwanza haruhusiwi kupita mita 18, na kwa kweli uzuri mwingi uko juu ya hapo.

Sasa tufike penye hatari, ambapo mchimba madini ataelewa upesi. Mwaka 1841 mhandisi Mfaransa Jacques Triger alieleza jinsi alivyochimba shimo la makaa ya mawe kando ya mto Loire, akilijaza hewa yenye shinikizo ili maji yasiingie. Wafanyakazi wake wengine walipotoka walishikwa na maumivu makali ya viungo. Sababu ilikuja kujulikana baadaye: chini ya shinikizo, naitrojeni ya hewa huingia katika damu na nyama ya mwili, mtu akipanda ghafula hutoka kwa mapovu, kama limonadi ikifunguliwa. Mapovu hayo yaweza kuleta kupooza, hata kufa. Mwaka 1908 Mskoti John Scott Haldane alitoa hesabu za kupanda kwa vituo, na hata leo mzamiaji husimama dakika tatu kwenye mita tano kabla ya kutoka.

Lakini naitrojeni haitoki yote siku hiyo. Ndiyo maana aliyezamia siku kadhaa asipande ndege kabla ya saa 18 kupita. Wengi hungoja saa 24. Na abiria wa basi asidhani kwamba hayamhusu. Barabara ya kurudi hupanda mlima Kitonga na kufika Iringa na Mbeya, juu ya mita 1,500, ambako hewa ni nyepesi kama ilivyo kwetu Kolwezi. Msafiri aliyeishiwa fedha hushawishika kuzamia asubuhi na kupanda basi usiku. Akiba ya namna hiyo ni ghali mno.

Basi, tiketi ya kurudi ikatwe ya siku ya pili baada ya kuzamia mara ya mwisho. Kuvuka kwa meli hadi Dar es Salaam hakuna hatari, kwa kuwa ni usawa wa bahari. Tena Bagamoyo iko karibu, nayo iko ufukoni: huko waweza kuitazama misheni iliyoanzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, na kulala usiku mmoja, huku damu ikijisafisha yenyewe.