Sarafu Iliyokosewa na Sarafu Iliyoharibiwa

Katika nyumba nyingi za Kenya, Uganda na Tanzania zimo bado sarafu za kale zilizoachwa na wazee: senti zenye tundu katikati, na shilingi zenye sura ya simba na milima nyuma yake. Shilingi hizo zilianza kutolewa mwaka 1921, na nchi hizi tatu zilipotoa fedha zao wenyewe mwaka 1966 zikaanza kuondoka sokoni. Leo hazinunui hata chumvi. Lakini wako watu wanaozikusanya, nao hutoa bei kubwa kwa sarafu iliyotoka kiwandani na kosa. Hapo ndipo wadanganyifu huingia. Basi yafaa kila mtu ajue kupambanua kosa la kiwanda na uharibifu wa baadaye, asije akatoa mbuzi wake kwa kipande cha fedha kilichotobolewa kwa keekee, wala asitupe kitu chenye thamani.

Kwanza tufahamu jinsi sarafu ipigwavyo. Bamba la madini hukatwa vipande vya mviringo. Vipande hivyo hupitishwa katika mashine inayonyanyua ukingo wake, kisha kila kimoja huwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu na kubanwa kwa nguvu nyingi. Madini hujaa katika michoro ya mihuri, na sarafu imekwisha. Kosa litokealo katika kazi hiyo ndilo kosa la kweli. Lolote lililoipata sarafu baadaye, hata likiwa la ajabu machoni, ni uharibifu tu. Kwa hiyo ushikapo sarafu ya ajabu, jiulize: Je, mashine ingeweza kufanya hivi?

Tazama shilingi yenye tundu. Shilingi ya simba haikupigwa na tundu. Watu walizitoboa ili wazivae shingoni. Pengine utaona madini yamevimba pembeni mwa tundu, na herufi zimekatwa na chombo.

Tazama tena sarafu iliyomegeka ukingoni. Yawezekana kisu cha mashine kilikata mahali palipokwisha kukatwa, kipande kikatoka na pengo. Hilo ni kosa la kweli, na dalili yake mara nyingi ni hii: ukingo wa upande unaoelekeana na pengo huwa hafifu, maana mashine haikupata kuubana sawasawa. Lakini kama ukingo ule ni mzima na pengo lina mikwaruzo ya tupa, shuku mkono wa mtu.

Sarafu yenye vichwa viwili nayo huwashangaza wengi. Karibu zote zimefanywa na fundi aliyechimba sarafu moja ndani na kupachika nusu ya nyingine. Chunguza mahali uso unapokutana na ukingo, utaona mstari mwembamba wa kiungo. Tena ukiiangusha juu ya meza, pengine hailii kama wenzake.

Mambo haya hayako kwetu tu. Mwaka 1943, wakati wa vita, Marekani ilihitaji shaba, ikapiga senti zake kwa chuma kilichopakwa zinki. Vipande vichache vya shaba vya mwaka uliotangulia vilibaki katika mashine vikapigwa pamoja, na senti hizo ni za thamani kubwa mno. Wadanganyifu wakazipaka shaba senti za chuma. Wengine wakakata tarakimu 8 ya mwaka 1948 ili iwe 3. Senti iliyopakwa hutambulikana upesi, kwa kuwa sumaku huivuta. Tena ya chuma ina uzito wa gramu 2.7, na ya shaba gramu 3.11.

Mwaka 1937, katika kiwanda cha Denver, muhuri wa senti tano yenye sura ya nyati ulisuguliwa kupita kiasi, na mguu mmoja wa mbele ukafutika. Watu wengine wakaukwangua mguu katika sarafu za kawaida. Lakini sarafu ya kweli ina vitone vilivyoinuka chini ya tumbo la mnyama, navyo havionekani katika ile iliyokwanguliwa.

Basi ukipata sarafu ya namna hii, usiisugue kwa mchanga, ndimu wala majivu, maana sarafu iliyosuguliwa hupungua bei hata ikiwa ya kweli. Ilinganishe na nyingine ya aina ile ile na mwaka ule ule. Ipime kwa mizani ndogo, na itazame kwa kioo cha kukuzia. Kisha uwaonyeshe wajuzi wawili au zaidi, kila mmoja peke yake. Na yeyote akuhimizaye kununua kabla jua halijatua, mwache aende zake na sarafu yake.