Agizo la Kutoka: Hali ya Mwili wa Askari wa Zimamoto Ndani ya Moshi

Jioni ya tarehe 3 Desemba 1999, katika mji wa Worcester, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, ghala la zamani la kuhifadhia vyakula kwa ubaridi lilishika moto. Lilikuwa jengo la ghorofa sita lililokaa tupu kwa miaka mingi. Madirisha yalikuwa machache mno, na kuta zilikuwa zimefunikwa kwa ndani kwa koki na povu la plastiki. Askari wa zimamoto waliarifiwa kwamba huenda watu wasio na makazi walikuwa ndani, wakaingia kuwatafuta. Wawili walipotea katika moshi, wakaita kwa redio kwamba hewa inawaishia. Wenzao waliingia kuwaokoa. Wanne kati ya hao nao hawakurudi. Ndipo kamanda Mike McNamee alipojiweka mlangoni na kuwazuia wengine, huku baadhi yao wakitaka kwa nguvu zote kuingia tena. Waliokuwa wakitafutwa tangu mwanzo walikuwa wameshaondoka kabla zimamoto hawajafika.

Ni rahisi kulisoma tukio hili kama habari ya ushujaa. Mimi, kama daktari wa tiba ya dharura, nalisoma kwanza kama habari ya mwili wa binadamu. Askari aliyevaa mavazi mazito ya kujikinga na kubeba mtungi wa hewa mgongoni hufanya kazi kwa mapigo ya moyo yanayokaribia kikomo chake. Jasho halikauki ndani ya mavazi hayo, kwa hiyo joto la mwili hupanda bila njia ya kutoka. Mtungi unaoitwa wa dakika 30 umekadiriwa kwa mtu anayevuta takriban lita 40 za hewa kwa dakika. Anayepanda ngazi na kuburuta mpira wa maji huweza kuvuta maradufu ya hapo, na dakika zake hupungua kwa kiasi hichohicho. Joto na uchovu hubana umakini. Mtu hulishikilia lile moja alilokusudia, na sauti zilizo nje ya kusudi hilo humpita. Hali hii humpata hata aliyefunzwa vizuri. Dalili yake mbaya zaidi ni kwamba mwenyewe hujiona yu mzima.

Hiyo ndiyo sababu ya kitabibu ya kanuni ya zimamoto kwamba uamuzi wa kutoka hauachwi mikononi mwa aliye ndani. Huwa wa kamanda aliye nje, anayeona rangi na mwendo wa moshi, nyufa za ukuta, na muda uliopita tangu kikosi kiingie. Agizo lenyewe ni la aina mbili, na wasomaji wengi hawazijui. Katika kujiondoa kwa utaratibu, askari hurudi nyuma na vifaa vyao, wakilinda njia kwa maji. Katika kuondoka kwa dharura, mpira huachwa ulipo, kila kitu huachwa, na watu hutoka mara moja kwa njia iliyo karibu.

Redio peke yake haitoshi kulifikisha agizo hilo. Tarehe 11 Septemba 2001 mjini New York, mnara wa kusini ulianguka saa 3:59 asubuhi, na askari waliokuwa katika mnara wa kaskazini wakaamriwa kwa redio watoke. Mnara huo ulisimama kwa dakika 29 zaidi. Wengine hawakuusikia ujumbe. Wengine waliusikia lakini hawakujua kwamba mnara wa pili umeshaanguka, wakatoka bila haraka. Siku hiyo walifariki askari wa zimamoto 343. Kwa hiyo ujumbe wa redio hurudiwa na kuambatanishwa na honi za magari yote. Uingereza hutumia filimbi inayopulizwa kwa milio mifupi mfululizo. Ishara yoyote yafaa, mradi kila askari aijue kabla ya siku ya moto na isitumike kwa jambo jingine.

Baada ya ishara huja kuhesabu, kikosi kwa kikosi, na kila kiongozi huwaona watu wake kwa macho. Asiyeonekana huhesabiwa kuwa yumo ndani. Kumtoa si kazi ndogo. Majaribio yaliyofanywa Phoenix, Arizona, baada ya askari mmoja kufariki katika moto wa duka mwaka 2001, yalionyesha kwamba kumwokoa askari mmoja huhitaji waokoaji wapatao 12 na takriban dakika 20, na kwamba mmoja kati ya kila waokoaji watano hupata matatizo mwenyewe. Kwa hesabu hiyo naona McNamee alifanya, pale mlangoni, uamuzi wa kitabibu.

Waliotoka salama bado ni wagonjwa watarajiwa, na hapa nasema na wauguzi na madaktari wenzangu. Joto la mwili huendelea kupanda kwa dakika kadhaa baada ya kazi kusimama: mvueni koti, mtumbukize mikono yake hadi viwiko katika maji ya baridi. Moyo pia uangaliwe, kwa kuwa nchini Marekani karibu nusu ya vifo vya askari wa zimamoto wakiwa kazini hutokana na moyo kusimama ghafla. Tena msidanganywe na kifaa cha kubana kidoleni. Kaboni monoksidi hushikamana na himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na kifaa cha kawaida hakitofautishi kati ya hizo mbili. Kitaonyesha asilimia 98 kwa mtu aliyesumika. Mwenye maumivu ya kichwa, kichefuchefu au usemi usioeleweka apewe oksijeni kamili kwa barakoa, naye asirudishwe kazini siku hiyo.

Raia naye ana sehemu yake. Hapa Tanzania, ukipiga 114 kuarifu moto, usiondoke baada ya kukata simu. Subiri gari lifike, umwendee kamanda, umwambie nani ametoka na nani umemwona kwa macho yako akibaki. Ikiwa wote wametoka, mwambie hivyo kabla askari hawajavaa barakoa zao.