Kabla ya Kupanda Mti Uani: Tazama Jua, Maji na Ukuta

Ua wa ndani ya nyumba, ambao hapa Lamu huitwa kiwanda, ndio pumzi ya nyumba zetu. Kuta ndefu za mawe ya matumbawe huleta kivuli na ubaridi hata wakati wa joto la Kaskazi. Lakini kivuli hicho hicho huifanya miche mingi ife, au ikae miaka mingi bila kutoa ua. Mara nyingi aliyepanda hana kosa. Mti wenyewe ndio haukufaa mahali pale.

Makala hii inaeleza jinsi ya kuchagua miti midogo na vichaka vya kupanda uani bila kupoteza maji na bila kuharibu nyumba.

Pima jua kwanza

Lamu iko takriban nyuzi 2 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri huhama. Mwezi wa Juni liko upande wa kaskazini, yaani upande wa kibla. Desemba liko upande wa kusini. Katikati ya Machi na mwisho wa Septemba hupita karibu utosini.

Ukuta wa kibla wenye urefu wa mita 6 hutupa kivuli cha karibu mita 3 adhuhuri ya Juni. Ukuta wa kusini wa kimo hicho hicho hutupa kivuli cha zaidi ya mita 2 mwezi wa Desemba. Kwenye ua mwembamba, pembe inayochomwa na jua Desemba inaweza kukosa jua kabisa Juni.

Chagua siku isiyo na mawingu. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, tazama kila saa mahali unapotaka kupanda, na uhesabu ni saa ngapi panapata jua lenyewe. Ukiweza, pima Juni na upime tena Desemba. Kisha chagua hivi:

- Saa 5 au zaidi: mhina, mkomamanga, mlimau, mwaridi, mrehani na bogenvilia.
- Saa 2 hadi 4: mwasumini, mchaichai na krotoni. Mwasumini ukipata jua kidogo zaidi ya hapo utarefuka na kuota majani, lakini asumini zitakuwa chache.
- Chini ya saa 2, lakini pana mwangaza: mkilua, drasena na sanseviera, ile yenye majani marefu yaliyosimama kama panga. Mkilua umezoea kukua chini ya miti mikubwa ya misitu ya pwani, na maua yake ni ya vikuba tangu zamani.

Kama ua wako ni wa kivuli kizito nawe unataka mrehani, uweke kwenye chungu juu ya dari wazi, na uuteremshe siku ya shughuli.

Yajue maji yako

Maji matamu ya mji wa Lamu hutoka kwenye visima vya matuta ya mchanga ya Shela. Chini ya mchanga, maji ya mvua hukaa juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi. Yakivutwa kupita kiasi, maji ya bahari hupanda na kisima huingia chumvi. Kila ndoo inayomwagwa uani bila haja imetoka kwenye akiba hiyo.

Kama maji ya kisima chako yana ladha ya chumvi, usipande mwaridi wala mlimau. Yote miwili huumia haraka: ncha za majani hukauka na kuwa kahawia. Mkomamanga na bogenvilia huvumilia zaidi, mradi vipate jua.

Maji ya udhu na ya kuosha mchele au mboga yanafaa kumwagilia. Maji ya sabuni ya unga hayafai, kwa kuwa huongeza chumvi kwenye udongo. Tena kumbuka kwamba udongo wa kivulini hukauka polepole. Mimea mingi ya kivulini hufa kwa maji mengi, mizizi ikaoza. Chomeka kidole ardhini. Kikitoka na unyevu, ngoja.

Udongo wetu una chokaa

Mchanga wa matumbawe una chokaa nyingi, na chokaa huzuia mizizi kupata madini ya chuma. Ukiona majani machanga yanageuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, sababu huenda ni hiyo. Iksora na gadenia huathirika sana. Ni afadhali vipandwe kwenye vyungu vyenye udongo wa mboji, au viachwe.

Samadi ya punda ni nyingi mitaani na ni mbolea nzuri, lakini isitumiwe mbichi. Irundike pamoja na majani makavu, uinyunyizie maji kidogo na uigeuze mara kwa mara kwa miezi kadhaa, hadi ipoe na ipoteze harufu. Wakati bora wa kupanda ni mwanzo wa masika, mvua isaidie mizizi kushika.

Linda ukuta

Mji Mkongwe wa Lamu ni Urithi wa Dunia tangu 2001, na kuta zake zimeshikwa kwa chokaa. Mwarobaini, mkungu na miti ya jamii ya mkuyu haifai uani. Mizizi yake hutafuta unyevu chini ya msingi, kwenye birika na kwenye shimo la choo.

Panda angalau nusu mita kutoka ukutani. Usirundike udongo kwenye ukuta, kwa maana ukuta hunywa maji, na lipu ya chokaa huanza kubanduka.

Ndege huacha mbegu za mikuyu kwenye nyufa. Mche ung'oe ungali mdogo. Ukishakuwa mkubwa usiuvute, kwa kuwa utatoka na mawe. Ukate, kisha utafute ushauri wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya kabla ya kugusa ukuta.

Watoto, punda na mbu

Oleanda ina sumu kwa watu na kwa punda, na matawi yaliyokatwa yasitupwe njiani. Daifenbakia, yenye majani mapana ya madoa meupe, hustawi kivulini, lakini mtoto akiitafuna mdomo na ulimi huvimba. Kama una watoto wadogo, iache.

Tusisahau mwaka wa 2004. Homa ya chikungunya ilienea Lamu, na uchunguzi wa Oktoba mwaka huo ulionyesha kuwa takriban watu 3 kati ya 4 kisiwani walikuwa wameambukizwa. Ugonjwa huo huenezwa na mbu weusi wenye mabaka meupe, wanaouma mchana na kuzaliana kwenye maji yaliyotuama majumbani. Yai laweza kuwa mbu kwa muda wa siku 7 hadi 10.

Kwa hiyo usiache maji kwenye visahani vya vyungu. Vijaze mchanga, au uvimwage na kuvisugua kila wiki, maana mayai hugandama pembeni. Birika lifunikwe, au liwekwe samaki wadogo wanaokula viluwiluwi, kama wazee wetu walivyofanya.

Ukiwa na shaka kuhusu mche, chukua jani lake na hesabu yako ya saa za jua, umwone afisa wa kilimo wa wadi yako kabla ya kununua.